Mikopo ya asilimia 10 na vikundi visivyojuana Kigoma

Tangu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri irudishwe mwaka 2024, mazungumzo ya Kigoma Ujiji yamekuwa ya aina mbili tu: nani kapata na nani hajarejesha. Manispaa yetu ilitajwa miongoni mwa halmashauri 10 za kujaribu kupitishia mikopo hiyo benki badala ya kuitoa zenyewe kama zamani, na wengi wamelipokea hilo kama jibu la kila kitu. Kwa hesabu yao kilichoharibika ni mkono unaotoa pesa. Mkono ukibadilishwa, vikundi vitanyanyuka. Sikubaliani nao. Benki inaweza kuwabana wenye vikundi hewa na kuongeza marejesho, na hayo si mambo madogo. Lakini kinachowafanya akina mama wa mawese wa Ujiji na wenzao wanaoanika dagaa Katonga na Kibirizi wabaki palepale mwaka baada ya mwaka ni kwamba vikundi vyao vimeshikamana sana ndani na karibu havina mafungamano yoyote nje, kikundi kwa kikundi. Utaratibu wa mikopo, ule wa zamani na huu wa sasa, unauzidisha upweke huo.

Tukumbushane kidogo tulikotoka. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo haina riba, na kwa mtu aliyewahi kuangukia mikononi mwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa mitaani, hiyo peke yake ni neema. Mwaka 2023 serikali iliisitisha baada ya kelele za muda mrefu, zikiwamo za ripoti za Mkaguzi Mkuu wa serikali (CAG), kuhusu madeni yasiyolipwa na vikundi visivyokuwapo. Mwaka uliofuata ikarudi na masharti mapya. Lakini Kigoma haikuanza kujua vikundi kwa mikopo hiyo. Mradi wa TACARE, wa kuhifadhi misitu pamoja na wanavijiji, wa taasisi ya Jane Goodall ulikuwa vijijini jirani na Gombe tangu 1994. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zilivuta mashirika mengi mkoani, na tangu 2017 mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekuwa na programu yao ya pamoja ya Kigoma. Juu ya hayo kuna VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka katika daraja la nne, la vikundi vya kijamii. Mtu akisema Kigoma watu hawajajipanga, aniambie ni mtaa gani alioupita.

Vikundi hivi, pamoja na vyama vya msingi na kampuni chache za vijana zinazouza majiko banifu au asali, ndivyo ninavyoviita biashara za kijamii: biashara inayotafuta faida ili kazi fulani ya jamii iendelee, si ili mwenye hisa apokee gawio. Tanzania haina sheria mahsusi ya biashara za namna hii. Kwa hiyo mmoja kasajiliwa kama kikundi na ofisi ya maendeleo ya jamii, mwingine ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wa tatu ni NGO na ana msajili wake, wa nne ni AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa mazao, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Wote wanne wanaweza kuwa wananunua chikichi kwa mkulima mmoja na kuuza katika soko moja la Mwanga, lakini kila mmoja anapeleka taarifa ofisi yake, anaitwa kwenye semina yake na anakaguliwa na mtu wake. Hakuna siku ambayo kazi yenyewe inawakutanisha.

Angalia kwanza utajiri uliopo ndani ya kikundi, maana wanaoandika juu ya vikundi hivi huupita haraka. Sanduku la VICOBA lina kufuli tatu. Wenye funguo ni watu watatu, hawatoki nyumba moja, na hakuna hata mmoja kati yao anayelala na sanduku. Kikao kikifunguliwa, kabla pesa haijaguswa, mwenyekiti anauliza kikao kilichopita kilifunga na shilingi ngapi, na wanachama wanajibu kwa kichwa, pamoja na wale wasiojua kusoma. Kiasi kikitofautiana na kilichomo sandukuni hata kwa mia mbili, hakuna kinachoendelea. Aliyechelewa analipa faini hapohapo, mbele ya watu, na mfuko wa jamii unahesabiwa kando ili atakayefiwa wiki ijayo asisubiri. Niliwahi kuhudhuria kikao cha namna hii Mwanga na nikaona mweka hazina akirudishiwa daftari mara tatu kwa sababu ya tarakimu moja iliyoandikwa vibaya. Benki nyingi zingetamani nidhamu hiyo. Wachumi wanaiita mtaji wa kijamii, na huwezi kuinunua kwa mkopo wa aina yoyote.

Ila mtaji huo una mpaka, na mpaka wake unaonekana vizuri ziwani kuliko darasani. Uvuvi wa dagaa Tanganyika hufanyika usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti samaki, na vipe, boti za kuvulia dagaa, vinakaa pwani kwa siku kadhaa. Sasa chukua kikundi cha wanawake 15 ambao wote wanaanika dagaa. Wiki ya giza wote wana pesa, na sanduku limejaa bila mkopaji. Wiki ya mwezi wote wanataka kukopa kwa mpigo, na sanduku halitoshi. Uaminifu wao ni wa hali ya juu, lakini hauwezi kuwasaidia, kwa sababu watu wanaofanana hukwama siku moja. Mwaka 2024 tuliliona hilo kwa ukubwa wake. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na kufunga ziwa. Swali langu ni juu ya hiyo miezi mitatu: kikundi cha waanika dagaa kilichokuwa na uhusiano na kikundi cha wakulima wa maharage wa Kalinzi, au cha wakamuaji wa mawese, kingekuwa na mahali pa kukopa, bidhaa ya kuchuuza au angalau kazi ya kuomba. Kikundi kisicho na uhusiano nje kilibaki na watu 15 wanaoaminiana, wote mikono mitupu.

Jambo hili si geni kwa watafiti. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba habari yenye faida, kwa mfano ya kazi, mara nyingi humfikia mtu kupitia watu anaofahamiana nao kwa mbali, kwa sababu wa karibu wanajua kile anachokijua yeye. Karibu zaidi na kwetu, Deepa Narayan na Lant Pritchett walichambua takwimu zilizokusanywa vijijini Tanzania miaka ya 1990 na kukuta kwamba kaya za vijiji vyenye uhai wa vyama na vikundi zilikuwa na hali bora ya matumizi, na kwamba nguvu hiyo ilionekana katika ngazi ya kijiji kuliko katika uanachama wa kaya moja moja. Kwa maneno mengine, kilicholeta tofauti ni jinsi kijiji kizima kilivyofungamana, na hata asiye mwanachama alifaidika. Vipimo vyetu vya maendeleo hapa manispaa bado vinahesabu vikundi vilivyosajiliwa. Hakuna anayehesabu vingapi vinafanya kazi pamoja.

Sokoni hasara yake ni ya kila siku. Mfanyabiashara wa jumla anayekusanya mawese Ujiji anajua bei ya kila kikundi kwa sababu anapita kwa wote. Kikundi kinajua bei yake tu. Akifika kwa wa tatu na kusema wenzenu wameniachia dumu kwa bei fulani, hawana njia ya kujua kama ni kweli, nao wanashusha. Hapo bado hatujagusa gharama za kujirudiarudia. Kila kikundi cha sabuni kina lebo yake, kimeagiza vifungashio vyake kidogokidogo kwa bei ya juu, na kinahangaikia alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, peke yake kuanzia barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Mashine ya kukamulia inayoweza kuhudumia vikundi kadhaa inakaa uani kwa kikundi kimoja, inafanya kazi siku mbili kwa wiki, na siku nyingine imefunikwa turubai huku jirani akitwanga kwa mikono na mise, kokwa za chikichi, zikirundikana bila kukamuliwa. Mwenye mashine hakatai kuikodisha kwa roho mbaya. Anaogopa kwamba ikiharibika hakuna karatasi inayosema nani atalipa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka kwenye historia, na anayeitoa ana haki ya kusikilizwa. Tumewahi kuunganisha vyama vya wakulima na tukaona kilichotokea. Vyama vikuu vilikua vikawa na magari na maofisi, mkulima akakopwa mazao yake. Mwaka 1976 serikali ikavifuta, na vikarudi kwa sheria mpya mwaka 1982, lakini imani haikurudi kwa sheria. Nenda Tabora ukawaulize wakulima wa tumbaku wenye umri mkubwa juu ya makato na madeni ambayo hawakuyaelewa, utajibiwa kwa kirefu. Kwa hiyo mama wa Katonga anayekwambia “hayo mambo ya kuungana tuliyaona” hazungumzi kwa ujinga. Kadiri pesa inavyopanda kwenda ofisi ya mbali, ndivyo uwezo wa wanachama kujibu kwa kichwa sanduku lilifunga na shilingi ngapi unavyopotea. Hiyo ndiyo hatari halisi ya kuunganisha, na yeyote anayehubiri muungano bila kuitaja anauza kitu kibovu.

Jibu langu ni kwamba tulichokijaribu wakati ule kilikuwa kumezwa, na njia ya kufanya kazi pamoja bila kumezwa ipo, tena mkoani kwetu. Kanyovu, chama cha ushirika, iliundwa na vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa wa nyanda za Kalinzi na Manyovu kwa ajili ya kazi inayoeleweka: kukoboa kahawa yao na kuitafutia soko. Hakuna chama cha msingi ambacho kingejenga kinu cha kukobolea peke yake, na hakuna kilichohitaji kufa ili kinu kiwepo. Hata vyama vya ushirika duniani viliona hitaji hili: mwaka 1966 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliingiza katika kanuni zake ile ya ushirikiano baina ya vyama, ambayo leo ni ya sita kati ya saba. Sisi tunazikariri zote saba siku ya maadhimisho na kuitumia ya sita kwa nadra sana. Simaanishi kwamba miungano ya aina ya Kanyovu haina migogoro. Chombo chochote cha pesa kina migogoro. Tofauti ni kwamba mwanachama anaweza kupima kazi moja, kahawa iliyoingia na kahawa iliyotoka, na akagombana juu ya kitu anachokijua.

Wapo wanaosema ushindani ndio unaoleta ubora, na kwamba wauza sabuni wakikaa meza moja watapanga bei na mnunuzi ataumia. Nusu ya hoja hiyo naichukua. Washindane kwa ubora wa sabuni, harufu yake, povu lake. Lakini kushindana kwa kila kikundi kununua mizani yake mbovu hakumsaidii mnunuzi, na soko ambalo upande mmoja unajua bei zote na upande mwingine haujui hata moja haliwezi kuitwa la ushindani.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa mno maofisini, ni kwamba watu wetu hawaaminiani, wana ubinafsi, wanahitaji elimu. Anayesema hivyo aende mwaloni Kibirizi asubuhi. Mzigo wa dagaa unapakiwa kwenda Kongo au Burundi kwa mali kauli, neno la mdomo na namba ya simu, na pesa inarudi baada ya mauzo. Inaporudi, inarudi kwa sababu mtu asiyelipa hatapata mzigo tena pwani nzima. Huo ni uaminifu unaovuka mpaka wa nchi na wa lugha. Basi itakuwaje mtu amwamini mnunuzi wa Uvira, kule Kongo, na ashindwe kumwamini jirani wa mtaa wa pili? Ukichunguza utaona amepigia hesabu. Yule wa Uvira ni mteja. Jirani ni mshindani wa fungu moja. Katibu wa kikundi kimoja, alipoulizwa kwa nini hakuwaambia wa kikundi jirani kwamba dirisha la maombi limefunguliwa, alicheka: “Niwaambie ili mwakani tugombanie pesa ileile?” Huwezi kumtibu mtu huyo kwa semina nyingine ya ujasiriamali, yenye soda mbili na bango la kupigia picha. Anafanya kile ambacho mfumo unamlipa akifanye.

Na mfumo unamlipa hivi: mwombaji wa mkopo ni kikundi kimoja, katiba yake moja, akaunti yake moja, andiko lake moja. Wafadhili nao hawako mbali. Kila mradi unataka vikundi vyake, fulana zake na hadithi zake za mafanikio, na kikundi kinachojua kusema lugha ya mradi hujifunza kuficha milango kinayoijua. Miaka inapita na vikundi vinazidi kuwa hodari wa kushughulika na ofisi za juu huku vikizidi kutojuana vyenyewe kwa vyenyewe. Benki haitabadilisha hilo. Afisa mikopo ataona marejesho ya kila kikundi peke yake, na kwa kazi yake hiyo inatosha.

Niseme pia kwamba mafungamano nayo yana sura mbaya. Watu wakijuana sana huweza kumfungia nje mjane asiye na ukoo mtaani, kijana aliyetoka kijijini juzi, mtu mwenye ulemavu ambaye ile asilimia 2 yake hupita kwa watu wengine. Halafu kuna mafungamano ya viongozi yanayodhaniwa kuwa ni ya vikundi. Majukwaa ya uwezeshaji wanawake kiuchumi yamekuwapo tangu 2016 na yamefanya mambo mazuri, lakini kukutana kwa wenyeviti Machi 8 wakiwa na sare za kitenge hakujawapa wanachama wao mizani ya pamoja wala daftari la bei. Kama muungano wa vikundi utakuwa klabu ya watu walewale wenye simu ya diwani, ni heri kila mmoja abaki na sanduku lake.

Kinachotakiwa, kwa hiyo, ni kidogo na kigumu. Sehemu ya fungu la asilimia 10 itengwe kwa ajili ya vifaa vinavyoombwa na vikundi viwili au zaidi kwa pamoja: mashine ya mawese, vichanja vya kuanikia, mizani, gharama za alama ya ubora. Kila muungano wa namna hiyo uwe na kazi moja inayotajwa na muda wake, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote, si wawakilishi. Kikundi kiwe na haki ya kujitoa na kuchukua chake. Benki nayo, kwa ridhaa ya vikundi, iruhusu rekodi nzuri ya marejesho ya kikundi kimoja imsaidie kikundi kichanga kinachodhaminiwa nacho. Kwa njia hiyo kumsaidia jirani kunaanza kuwa na faida badala ya hasara. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 28, 2025 ingepaswa kuwa ya kwanza kulijaribu hili, maana kanuni ya sita inapaswa kuwa damuni mwake. Naye ofisa ushirika akae meza moja na wa maendeleo ya jamii angalau mara moja kwa robo mwaka, kila mmoja na orodha yake, waone ni vikundi gani vinauza kitu kilekile umbali wa mitaa miwili.

Haraka ipo, na inatokana na reli. Mkataba wa kipande cha SGR, reli ya kisasa, cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, umesainiwa tangu 2022. Siku mabehewa ya mizigo yatakapoanza kufika, mnunuzi wa Dar es Salaam hatatafuta dumu kumi za mawese zenye lebo sita tofauti. Atataka tani, za ubora mmoja, kila mwezi. Hakuna kikundi cha Ujiji kinachoweza kujaza oda hiyo peke yake. Yupo anayeweza leo hii: yule mfanyabiashara anayepita kwa wote na kujua bei zote. Simlaumu, kwani amejenga mtandao ambao vikundi havikujenga, na ni haki yake kuutumia. Lakini kama fomu ya maombi ya awamu ijayo itabaki na nafasi ya jina la kikundi kimoja tu, manispaa itakuwa imemwongezea yeye muda, kwa pesa ya asilimia 10.